Peni Niliyokusomea Vibaya

Mwalimu,

Leo ni Alhamisi. Nimefungua duka, nikaweka kiti chako mahali pake, halafu nikakitoa, halafu nikakirudisha. Mteja mmoja alitaka kukikalia nikamwambia kimevunjika. Hakijavunjika. Tangu tulipokuzika Ndalu nimekuwa nikisema maneno ambayo mwenyewe sielewi yametoka wapi, na ndiyo maana nimeona nikuandikie. Kuna jambo limenichanganya, na wa kuliuliza ni wewe tu.

Kwanza nikupe habari za mazishi, maana ulikuwepo na hukuwepo. Watu walikuwa wengi. Wanafunzi wako wa zamani, wengine na mvi, walisimama mpaka nje ya ua kwenye mahindi. Mimi nilikaa nyuma na kofia yangu. Mama mmoja aliuliza kwa sauti, huyu wa msikitini ni nani, na binti yako Nasimiyu akageuka akamjibu: "Ni fundi wa Baba." Nilifurahi, Mwalimu, nisamehe, nilifurahi katikati ya mazishi yako. Kwaya ilipoimba nilisoma Fatiha kimyakimya. Kama nilikosea, wenye elimu watanirekebisha.

Baada ya wiki kadhaa Nasimiyu akapiga simu. Alisema anakuja Kitale kufunga nyumba yako ya Kibomet, na kuna zile sarafu. "Mimi sijui hata moja, Fundi. Njoo uniangalilie."

Nikaenda Jumamosi. Alikuwa amefungua madirisha yote, na nyumba ilikuwa na baridi kama haijawahi kuwa na mtu. Akaweka chai mezani, na kando ya chai lile bati lako la biskuti. Kisha akaniambia anachotaka. Shule uliyofundisha Ndalu imekubali kuziweka peni zako za Waingereza kwenye kabati la kioo, kila moja na maelezo yake kama ulivyoyaandika. "Baba alisema peni moja ina historia na jiografia ndani yake," alisema. "Wewe hakikisha tu kila moja iko kwa bahasha yake. Mimi nitapiga chapa."

Nikaona hiyo ni kazi ya saa moja. Nikavaa lenzi yangu ya saa jichoni, ile uliyoiulizia siku ya kwanza ulipofika dukani na peni kwenye leso. Unakumbuka? Miaka tisa iliyopita. Watu huja kwangu na saa imesimama. Wewe ulikuja, ukasimama kwenye veranda, ukasema, "Fundi, hiyo macho yako ya kioo inaweza angaria kitu ya miaka mia moja?" Nilidhani unanichezea. Kufika adhuhuri ulikuwa umenifundisha kutofautisha Malkia Victoria watatu: yule msichana, yule mwenye fundo la nywele kisogoni, na yule mjane mwenye shela. Niliuliza kwa nini mtu mzima ahangaike na pesa ambayo haiwezi kununua hata kiberiti. Ukasema, "Kwa sababu zote zinafanana mpaka uziangarie." Jioni nilimwambia mke wangu kwamba nimepata rafiki wa ajabu.

Basi nikaanza kufungua bahasha zako, zile ulizokata kwenye karatasi za mitihani ya zamani. Za kwanza zilikuwa wewe kabisa. Mwandiko umenyooka kama ubaoni, mwaka, kichwa cha nani, alama gani. Ya 1918 yenye H ndogo kushoto kwa mwaka, kwa sababu serikali yao ilielemewa na kazi ikapeleka nyingine kugongwa kiwanda cha nje. Nafungua, naangalia, H iko pale. Nafungua nyingine, sawa. Nasimiyu alikuwa anaandika pembeni, tunaenda vizuri.

Kisha mwandiko ukaanza kuteremka. Herufi zikawa kubwa, mstari mmoja ukapanda juu ya mwingine. Na peni zikaanza kukataa bahasha zao. Imeandikwa "1919, KN", alama ya kiwanda kingine cha nje, ndani kuna H. Imeandikwa "1912, haina herufi", ndani herufi iko, tena wazi kabisa. Nilidhani zimechanganyika tu, nikajaribu kuzibadilisha kama mtu anayetafuta soksi ya pili. Hazikupatana popote. Na kwenye kona ya kila bahasha ya namna hiyo uliandika herufi moja: F.

"F ni nini?" Nasimiyu akauliza.

Nikasema labda feki. Akaniangalia. "Baba aweke feki kwa bati yake?"

Nikafungua iliyofuata. Ilikuwa imeandikwa: "1902. Maji ya chini. Imepatikana. F."

Mwalimu, hiyo peni naijua. Miaka yote ulikuwa unaitafuta. Ulinichorea kwenye pakiti ya betri ili nielewe: yule mwanamke wao wa mgongoni mwa peni ameketi na ngao na mkuki wa meno matatu, na nyuma yake kuna bahari. Kwa peni za kawaida za mwaka huo, mstari wa bahari unafika pale miguu yake inapopishana. Lakini mwanzoni mwa mwaka walitumia muhuri mwingine, bahari ikawa chini kidogo ya hapo. Ndiyo hiyo. Maji ya juu na maji ya chini. Tofauti ni unene wa ukucha, na wewe ulizunguka Trans Nzoia yote, nyumba za walowezi zilizobaki, masanduku ya akina bibi, ukitafuta huo unene wa ukucha.

Nikaiweka chini ya lenzi. Maji yalikuwa yanagusa pale miguu inapopishana. Nikaigeuza kwa dirisha. Nikaifuta. Maji ya juu, Mwalimu. Ya kawaida, kama zile nyingine nne ulizonazo.

Chini kabisa ya bati kulikuwa na kadi ya kliniki. Nasimiyu ndiye aliyeisoma, na aliisoma polepole. Presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaona kivuli tu. Alitazama tarehe ya kwanza, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Miaka miwili kabla hujafa. "Aliniambia anasoma gazeti," alisema. "Kila nikipiga simu aliniambia ameshasoma gazeti."

Hapo ndipo nilipoelewa F.

F ni Fundi.

Uliandika kila kitu nilichokuambia, halafu ukaweka jina langu pembeni kama shahidi. Hizo bahasha hazikukosewa na wewe. Nilizikosea mimi. Na unajua nilimwambia nini Nasimiyu? Nilimwambia maelezo yako sawa, ni mwanga tu mbaya, apige chapa yalivyo. Kisha nikaaga kabla chai haijapoa.

Njia nzima nilikuwa najibizana na wewe kichwani. Hizo Alhamisi zote. Ulikuwa unakuja kutoka Kitale mpaka Bungoma, unakaa, unanipa peni, unasema, "Soma wewe, nione kama umeiva." Nilijiona mwanafunzi wako. Nilivimba kichwa. Kumbe ulikuwa unaniazima macho? Au ulikuwa unanifundisha kweli, na habari ya macho ikaingia baadaye? Ni lini moja liliisha na lingine likaanza? Nimejaribu kukumbuka siku yenyewe, siipati. Nakumbuka ulianza kungoja niseme "Karibu" ndipo ugeuze uso. Nakumbuka ulipitisha ukucha kwenye ukingo wa kila peni kabla ya kunipa, nami nikadhani ni mapenzi. Siku moja ulivaa sweta ndani nje, nikacheka, ukacheka zaidi yangu, ukasema uzee umekuja na mizigo yake. Mimi kazi yangu ni kuona kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya ufuta, na sikuona hilo.

Na nilikuwa nakusomea vibaya, kwa sababu nilidhani ni mchezo. Mteja anasubiri, gurudumu liko kwenye kibano, nawe unauliza, "H au KN?" Natazama mara moja, kuna uchafu, nasema H. Nikikosea si Mwalimu atanirekebisha? Hukunirekebisha. Nikajiona nimeiva kabisa.

Ile ya 1902 naikumbuka vizuri zaidi, na hiyo ndiyo inayoniuma. Ulifika umeikamata kwenye kiganja kama kifaranga. Ulisema ni ya Mama Naliaka wa Kamukuywa, mjane anayeuza mbegu na mbolea, ameipata kwenye sanduku la mumewe na amekuazima uje uiangalie. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Watu wawili walikuwa wamesimama na simu zao za kutengenezwa. Ukasema, "Angaria vizuri, Fundi. Maji iko wapi?" Nikatazama. Ilikuwa imechakaa, mstari haukutulia. Sikuwa na uhakika, Mwalimu. Nilinyanyua uso nikuambie ngoja niswali nirudi, nikaona uso wako. Nikasema, "Maji yako chini."

Ukaniomba maji ya kunywa, ukayanywa bila kuiachia peni.

Wiki iliyofuata ulikuja ukaniambia umebadilishana na Mama Naliaka. Ulimpa ile peni ya baba yako. Ile ya Victoria mwenye fundo la nywele, iliyoachwa kwenye meza ya jikoni siku mlowezi alipohama, baba yako akiwa mpishi wake kwa miaka kumi na minne. Baba yako aliiweka mpaka akafa, akakupa wewe. Nilishtuka, nikakuuliza kama una hakika. Ukasema, "Wewe si umeiona?"

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, nilipotoka kwa Nasimiyu, sikufika nyumbani moja kwa moja. Nilishuka Kamukuywa.

Mama Naliaka alinijua kwa kofia kabla sijajitambulisha. Nilimweleza nimekuja kwa ajili ya peni, kwamba kuna kosa, kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alinisikiliza huku akimpimia mtu mbegu za sukuma wiki, akamalizana naye, ndipo akasema, "Hiyo mambo ya maji? Alirudi hapa, kwani hakukuambia?"

Nikamwuliza nani alirudi.

"Mwalimu. Kama mwezi mmoja hivi baadaye. Alikaa kwa hiyo gunia. Akaniambia, 'Mama Naliaka, kwa hiyo simu yako si kuna picha? Piga hii peni picha, uikuze, uniambie maji inafika wapi.' Mimi nikapiga. Akanieleza mahali ya kuangalia, pale miguu inapishana. Nikamwambia, Mwalimu, maji imefika hapo hapo. Akaniuliza tena. Nikamwambia hivyo hivyo."

Nikamwuliza ulifanya nini.

"Alicheka kidogo. Mimi nikaona haya, nikamwambia chukua peni ya mzee wako, turudishiane. Akakataa. Akasema, 'Fundi ameiona chini. Wacha ikae chini.'"

Nilimfanya arudie. Alirudia vilevile, neno kwa neno, kisha akaniuliza kama ninataka kukaa, kwa sababu rangi yangu imebadilika.

Sasa niambie, Mwalimu. Hiyo ndiyo maana ya barua hii. "Wacha ikae chini" ni nini? Ulinihurumia? Ulinidharau? Uliona fundi wa saa hawezi kubeba kosa lake, kwa hiyo umbebee? Au uliogopa kwamba ukiniambia nimekosea nitakuuliza umejuaje, na nikiuliza hivyo siri ya macho yako itatoka hadharani? Au ulichoka tu kutafuta, ukaamua imepatikana? Nimezigeuza hizo zote, na kila moja inafanana na wewe. Baada ya hapo ulikuja dukani mwaka mzima. Ulinipa peni nyingine kumi na kitu. Ulijua kwamba nakosea na bado ulisema, "Soma wewe." Ukaenda nyumbani ukaandika nilichosema, na F pembeni. Kama hukuniamini, kwa nini uliandika? Na kama uliniamini, uliamini nini hasa?

Mke wangu anasema nisiumize kichwa, mzee alipenda kampani yangu, basi. Huenda. Lakini mtu aliyeng'ang'ana na unene wa ukucha maisha yake yote hawezi kuacha uongo ulale ndani ya bati lake bila sababu. Ndivyo ninavyokujua. Ndivyo nilivyodhani ninakujua.

Mama Naliaka alivuta droo akatoa peni ya baba yako. Alikuwa ameifunga kwenye pakiti tupu ya mbegu za karoti. "Mimi siitaki," alisema. "Toka siku hiyo naiona kama imebaki hapa kwa bahati mbaya. Mpelekee msichana wake."

Niliibeba mpaka Bungoma, nikakaa nayo siku tatu. Nikukirie ukweli: nilifikiri kumpelekea Nasimiyu kwa mkono wa mtu, na salamu, bila maelezo. Angefurahi, angenishukuru. Na kule Ndalu watoto wangesimama mbele ya kioo na walimu wao, na siku moja mmoja mwenye macho makali angesema, mbona imeandikwa KN na hapa kuna H? Wangesema Mwalimu Wanyonyi hakujua. Wewe. Hilo ndilo lililonitoa kitandani siku ya nne.

Nasimiyu alikuwa anafunga masanduku. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilijua nikikaa sitamaliza. F ni nani. Peni ya babu yake ilitokaje. Nilichokisema adhana ikiendelea. Nilivyomdanganya Jumamosi. Nikaweka pakiti ya mbegu juu ya meza.

Hakuigusa. Alisema, "Fundi, ulikuwa unakaa na yeye kila wiki, na kioo kwa jicho, na hukuona ati haoni?"

Nikasema sikuona.

"Hata kidogo?"

Nikasema hata kidogo.

Aliingia chumbani kwako, akafunga mlango. Nilisikia analia, Mwalimu. Nilibaki pale kwenye kizingiti, sijui niondoke au niingie, nikasimama tu kama mzigo. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, "Mimi ni mtoto wake, na pia sikuona. Alinidanganya na gazeti." Kisha akavuta kiti, akachukua kalamu. "Haya. Soma. Ukiwa huna hakika, sema huna hakika."

Tulisoma zote, moja moja, mpaka jua likahamia dirisha jingine. Saba zilikuwa makosa yangu. Mbili zimechakaa mno, na hizo nilisema sina hakika, akaandika hivyo. Hatukutupa bahasha zako. Alisema mwandiko wako uende shuleni na karatasi mpya iwekwe chini yake. Peni ya baba yako akabaki nayo. Aliifunua mwisho kabisa, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake, wala sikumwambia kwamba nawe ulifanya hivyo.

Tulipofika ya 1902 aliuliza, "Hii tuandike nini?"

Nilimweleza ulichomwambia Mama Naliaka. Tulikaa tukiitazama. Alisema labda Baba angetaka ibaki. Mimi nikasema labda. Sikujua, naye hakujua. Mwisho nikamwomba aandike hivi: "Maji ya juu. Ilisomwa vibaya na Fundi Rajabu, wa Bungoma." Alisita kuandika jina. Nikamwambia andika. Kama nimekwenda kinyume na wewe, Mwalimu, nisamehe. Uliniachia ikae chini, nami nimeipandisha. Lakini wewe mwenyewe ndiye ulinionyesha mahali pa kutazama.

Nyumba ya Kibomet imefungwa sasa. Nasimiyu amerudi kazini, na juzi alinipigia simu bila sababu, tukaongea habari za mvua. Mahindi ya Ndalu yamefika kifuani.

Sielewi bado. Nilidhani nikimaliza kuandika nitaelewa, na nimefika hapa niko palepale. Huenda tukionana, kama watu wa imani mbili huonana, utanieleza na tutacheka. Mpaka hapo, Mungu akupe mwanga huko ulipo, kwa mlango wowote anaoutumia kwa watu kama wewe. Lala salama, rafiki yangu, mwalimu wangu.

Kabati litafunguliwa shule zikifunguliwa. Nitafunga duka siku hiyo, nije Ndalu, nisimame karibu na hiyo peni. Na mtoto akisoma karatasi akauliza huyu Fundi aliyekosea ni nani, nakuahidi, nitainua mkono.

Wako,
Fundi Rajabu